Kiungo cha MgO kinapogoma: kufuata njia za panya za mkondo

Sampuli imetoka tanurini jana, sindano zimeshuka juu ya pedi, uga wa sumaku umekwenda na kurudi, na skrini inaonyesha ukinzani umebadilika kwa asilimia 4 pale ulipotarajia 150. Wengi wetu hapo hukimbilia kulaumu malighafi: tageti ya kobalti imechafuka, MgO (oksidi ya magnesi) imeharibika, mashine ya sputaringi, ile inayopaka matabaka, imechoka. Mara nyingi malighafi haina hatia. Haya nimeyaandika kwa ajili ya mtu ambaye ameshatengeneza kiungo cha tuneli cha sumaku, au amekabidhiwa kilichotengenezwa na mwenzake, na anataka kujua kosa limejificha wapi kabla hajapoteza wiki nyingine tatu. Swali nitakalolirudia mpaka ulichoke ni hili: mkondo unapita wapi hasa?

Kilicho kizima kinaonekanaje

Nazungumzia kiungo cha CoFeB/MgO/CoFeB (CoFeB ni aloi ya kobalti, chuma na boroni), kile kinachotumika kwenye vichwa vya kusoma vya diski kuu, kwenye kumbukumbu za kompyuta za kisumaku (MRAM) na kwenye vihisi vya uga wa sumaku. Ni matabaka mawili ya sumaku yaliyotenganishwa na oksidi ya magnesi yenye unene wa nanomita 1 hadi 2. Tabaka moja, la rejea, limefungwa lisigeuke. Jingine liko huru. Yakielekea upande mmoja, elektroni hupenya kwa urahisi. Yakipingana, ukinzani hupanda. Ongezeko hilo likigawanywa kwa ukinzani wa chini ndiyo TMR, nayo huandikwa kwa asilimia.

Kipimo cha pili ni RA, yaani ukinzani mara eneo la kiungo, nacho hukuambia hali ya kizuizi chenyewe bila kujali ukubwa wa nguzo, yaani kiungo kilichochongwa kutoka kwenye filamu ya matabaka. Nguzo ya duara yenye kipenyo cha nanomita 100 na RA ya 10 Ωµm² inapaswa kusoma karibu omu 1,270. Ukiona omu 400, usianze kushangilia kizuizi chembamba. Fanya hesabu hii kabla hujagusa kitu kingine. Nimeona watu wakijadili fizikia ya spini (usumaku wa elektroni) saa nzima juu ya namba ambayo kwa eneo lile haiwezekani kabisa.

Na ulinganishe na nini? Mwaka 1975 mwanafizikia Jullière aliripoti asilimia 14 kwenye Fe/Ge/Co, tena katika kelvini 4.2. Ilichukua miaka 20 mpaka Moodera kule MIT na Miyazaki wa Chuo Kikuu cha Tohoku wavuke asilimia 10 katika joto la chumbani, kwa kizuizi cha oksidi ya alumini. Mwaka 2001 kundi la Butler, na pia Mathon na Umerski, walikokotoa kwamba chuma na MgO vyenye fuwele zilizopangika vingetoa mamia ya asilimia, hata kupita 1,000. Mwaka 2004 Parkin wa IBM na Yuasa wa AIST, taasisi ya utafiti kule Tsukuba, Japani, wakafika karibu na 200. Mwaka uliofuata kampuni ya Anelva na AIST wakapata 230 kwa CoFeB, ambayo kiwanda kinaweza kuipaka juu ya silikoni ya kawaida. Mwaka 2008 Tohoku wakafika 604. Hiyo 604 isikuvunje moyo: ilipatikana kwenye muundo usio na tabaka la antiferosumaku (lile linalofunga rejea), uliookwa kwa joto lililopita nyuzi 500 za Selsiasi. Kwa kiungo kamili chenye rejea iliyofungwa, ukiwa kati ya 100 na 200 huna cha kulalamikia.

Kwanza tenganisha filamu na kifaa

Kosa linaweza kuwa limezaliwa kwenye ombwe wakati wa kupaka matabaka, au baadaye wakati wa kuchonga nguzo. Hivi ni visa viwili tofauti, na mtu asiyevitenganisha hutibu malaria kwa dawa ya minyoo.

Njia safi ni ile waliyoionyesha Worledge na Trouilloud wa IBM mwaka 2003. Unaweka safu ya sindano ndogo juu ya filamu ambayo haijakatwa. Sindano zikikaribiana sana, mkondo hubaki kwenye tabaka la juu; zikiachana kwa mikromita kadhaa, sehemu yake hupenya kizuizi na kutumia tabaka la chini pia. Ukilinganisha ukinzani kwa nafasi mbalimbali, na uga ukielekezwa kila upande, unapata RA na TMR bila kuchonga chochote. Viwandani bamba la silikoni lenye filamu halipelekwi kwenye litografia, yaani uchoraji wa maumbo ya kuchonga, bila kipimo hiki. Kama maabara yako haina kifaa hicho, na chuo kingi hakina, chonga viungo vikubwa vya makumi ya mikromita kwenye filamu ya RA kubwa kwa litografia ya mwanga. Ni kazi ya siku mbili, nayo itakuokoa miezi.

Filamu ikisoma 150 na nguzo ikisoma 20, achana na mashine ya sputaringi. Kosa liko kwenye uchongaji. Filamu yenyewe ikisoma 20, acha kuchonga. Hakuna litografia itakayoifufua.

TMR ndogo na ukinzani mdogo: kuna njia ya panya

Hapa ndipo penye kesi nyingi, kwa hiyo nitakaa. Forodha ipo, askari yupo, lakini mzigo unapita porini. Mkondo unaotakiwa uvuke MgO umepata njia nyingine ya chuma, na njia hiyo haijui spini wala mwelekeo wa sumaku. Chukua kiungo chenye TMR halisi ya 100. Mpe njia ya panya yenye ukinzani sawa na wake sumaku zikiwa sambamba. Utasoma 33. Nusu tu ya mkondo imetoroka, lakini theluthi mbili za ishara zimekwenda nayo.

Njia ya panya huwa ama pembeni mwa nguzo ama katikati ya kizuizi. Unavyotofautisha: chora viungo vya vipenyo tofauti kwenye bamba moja, tuseme nanomita 60 mpaka mikromita 2, kisha tazama vipi vinaumwa zaidi. Vidogo vikiwa vibaya kuliko vikubwa, kosa liko pembeni, kwa sababu nguzo inavyopungua mzingo wake unakuwa mkubwa kulinganisha na eneo. Vikubwa vikiwa vibaya na vidogo vingi ni vizima, kizuizi kina matobo: eneo kubwa lina nafasi zaidi ya kukutana na tobo. Vyote vikiwa vibaya kwa kiwango kimoja, rudi kwenye filamu.

Kosa la pembeni karibu kila mara ni uchafu uliorudi. Unapochonga kwa boriti ya ioni za agoni, atomi za tantali, rutheni na kobalti zinazong'olewa chini haziondoki zote. Nyingine hupanda na kunata kwenye ubavu wa nguzo. Ubavu huo unavuka MgO ya nanomita 1. Nanomita moja! Vumbi la atomi chache tu la chuma linatosha kuziba pengo hilo. Dawa ni kuchonga kwanza boriti ikiwa karibu na wima, halafu kuinamisha bamba mpaka boriti ifagie ubavu kwa nyuzi 60 au 70 kutoka wima, kwa nguvu ndogo, bamba likizunguka. Usizidishe, ufagiaji mrefu unakula ukingo wa tabaka huru na kuharibu sumaku ulizokuwa unazilinda. Baadhi ya mafundi huoksidisha ubavu kidogo baada ya kufagia, ili mabaki ya chuma yageuke kihami. Inasaidia, lakini oksijeni ikipewa muda itaingia mpaka ndani.

Angalia pia kama nguzo zilizobanana zinaumwa kuliko zilizo peke yake. Zikibanana zinatiana kivuli, na boriti iliyoinama haifiki chini. Hapo punguza urefu wa kinyago (tabaka linalokinga nguzo isichongwe) au panua nafasi. Na mashine ikiwa na kichunguzi cha ioni zinazotoka, simamisha uchongaji wa awali pale ishara ya magnesi inapopanda badala ya kuhesabu sekunde. Kasi ya jana si kasi ya leo.

Matobo ya katikati yana kipimo chake: poza sampuli. Kiungo cha tuneli kinapopoa, ukinzani wake haushuki. Sumaku zikiwa sambamba hubadilika kidogo sana, zikipingana hupanda waziwazi. Ukinzani ukishuka kadiri unavyopoza, umeshika chuma. Usitegemee mkunjo wa mkondo na volti peke yake. Kiungo chenye matobo kinaweza kutoa mkunjo uliopinda vizuri kabisa, ukaingia kwenye fomula ya kizuizi na kukupa urefu wa kizuizi kwa nishati na unene unaopendeza, huku ni uongo mtupu. Nami niliuamini uongo huo kwa muda mrefu.

Chanzo cha matobo kwa kawaida ni elektrodi ya chini kuwa na mawimbi. Rutheni au shaba nene hukua kwa chembe kubwa, juu yake kila tabaka linarithi vilima na mabonde, na MgO juu ya kilele inakuwa nyembamba. Ng'arisha elektrodi, ipunguze unene, au ikatize kwa tabaka jembamba la tantali lisilo na fuwele kubwa.

TMR ndogo, lakini ukinzani umepanda

Kwanza ondoa ujinga wa waya. Ukipima kwa waya mbili, omu 300 za elektrodi na sindano zinaongezwa kwenye kila usomaji. Kiungo cha omu 1,270 chenye TMR 100 kitasoma 81. Ukichora ukinzani dhidi ya kinyume cha eneo, mstari usipopita kwenye sifuri, kimo chake pale ndicho kiasi cha waya.

Halafu uliza umepima kwa volti ngapi. TMR hushuka volti ikipanda, na mara nyingi inakuwa imebaki nusu ukifika karibu volti 0.5. Mtu anayepima kwa milivolti 10 na jirani yake anayepima kwa milivolti 400 watagombana bure.

Waya zikiwa safi na volti ni ndogo, basi kizuizi chenyewe kina shida. RA hukua kwa kasi sana: tabaka moja la atomi za MgO, lenye nanomita 0.21 hivi, huipandisha takriban mara tatu hadi nne. RA ikiwa mara tatu ya kawaida na TMR iko sawa, umepaka MgO nene tu. RA ikipanda na TMR ikaanguka, uso wa CoFeB chini ya MgO umeungua kwa oksijeni. Dawa iliyozoeleka ni kuweka magnesi tupu ya nanomita 0.4 kabla ya MgO, iipokee oksijeni badala ya chuma. Kwa njia hiyo Anelva walipata TMR ya 138 kwenye RA ya 2.4 Ωµm² mwaka 2005, kiwango cha vichwa vya diski.

Adui mwingine ni maji. Aliyekulia pwani anajua chumvi inavyolowana kwenye kopo hata likifunikwa. MgO ina tabia hiyo hiyo, ila yenyewe hugeuka hidroksidi na kupoteza mpangilio wa fuwele. Tageti ya MgO iliyoachwa hewani wakati wa matengenezo ya mashine hubeba maji ndani yake, nayo huyatoa polepole kwenye ombwe kwa siku kadhaa. Dalili yake ni ya kuchekesha: sampuli ya Jumatatu mbaya, ya Jumatano afadhali, ya Ijumaa nzuri, na mwanafunzi anaamini ameboresha resipe. Tazama kipimo cha gesi zilizobaki, uzito wa 18, yaani maji. Ukiwa juu, iendeshe tageti kwa muda mlango wake ukiwa umefungwa, kisha paka tantali kwenye kuta za chemba. Tantali mbichi hunyonya mvuke wa maji vizuri kuliko pampu nyingi.

TMR kubwa mno

Namba nzuri kupita kiasi nayo ni ugonjwa, na ni mbaya zaidi kwa kuwa hakuna anayetaka kuutibu. Viungo vikubwa vya umbo la msalaba, elektrodi nyembamba, RA ndogo, kipimo cha waya nne: hapo mkondo haugawanyiki sawasawa ndani ya kiungo, unavuka karibu na ukingo ulikoingilia. Volti unayosoma upande wa pili inakuwa ndogo kuliko halisi, inaweza hata kuwa hasi. Tofauti kati ya hali mbili inabaki, kigawanyo kinakaribia sifuri, na TMR inaruka mpaka mbinguni. Moodera na wenzake walitoa onyo hili mwaka 1996, na bado linawanasa watu. Kanuni ya kukadiria: ukinzani wa kipande cha mraba cha elektrodi uwe mdogo mara nyingi kuliko wa kiungo. Kiungo cha mikromita 5 kwa 5 chenye RA ya 1,000 Ωµm² ni omu 40 tu. Elektrodi yako ina ngapi?

Kama TMR inabadilika na ukubwa wa kiungo huku RA uliyokokotoa pia inabadilika, usiiandike popote.

RA ni sahihi, TMR haipandi: tanuri

CoFeB yenye boroni karibu asilimia 20 hutoka kwenye mashine bila fuwele. Hiyo ndiyo siri ya mafanikio yake: MgO inayomwagwa juu ya uso laini usio na mpangilio hujipanga yenyewe kwa mwelekeo wa (001). Ukioka kwa nyuzi 300 hadi 400, boroni huondoka, na CoFeB huganda ikifuata mpangilio wa MgO kama uji unavyochukua umbo la bakuli. Bila mpangilio huo hakuna uchujaji wa elektroni ambao Butler aliuhesabu, na utabaki na asilimia makumi tu.

Kwa hiyo TMR ya chini kabla ya kuoka si kosa. Baada ya kuoka, tazama ni kitu gani kimegusa CoFeB upande usio wa MgO. Tabaka lenye fuwele za aina nyingine, kama rutheni au NiFe (aloi ya nikeli na chuma), likiigusa moja kwa moja litaanza kuipanga kwa mwelekeo wake, na mipangilio miwili itakutana katikati ikigombana. Weka tantali nyembamba kati yao. Hiyo pia hunyonya boroni.

Upande mwingine ni kuoka kupita kiasi. Manganisi kutoka IrMn au PtMn, antiferosumaku zinazofunga rejea, hupanda kuelekea kizuizi, tantali nayo hutembea. Oka vipande vya bamba moja kwa 250, 300, 350 na 400, uchore mkunjo. Ukipanda kisha ukaanguka ghafla, kuna kitu kimehama. Viwanda vinavyojenga kumbukumbu juu ya transista vinahitaji kuvumilia nyuzi 400, ndiyo maana wengi wamehamia kwenye wolframu au molibdeni mahali pa tantali.

Kilele kama kichuguu badala ya meza

Grafu nzuri ina uwanda juu: ukinzani unapanda, unatulia, unashuka. Ukipata kichuguu chenye ncha, tabaka la rejea linaanza kugeuka kabla la huru halijamaliza, kwa hiyo sumaku hazijawahi kupingana kikamilifu. TMR unayosoma ni sehemu tu ya iliyopo.

Sababu ni chache. Umeoka bila uga, au uga ulikuwa dhaifu au umeelekezwa vibaya. IrMn imekosa mbegu nzuri chini yake, maana inataka kukua kwa mwelekeo wa (111). Au unene wa rutheni katikati ya rejea, ambayo yenyewe ni matabaka mawili ya sumaku yanayopingana kupitia rutheni hiyo, umekosewa: kwa kawaida ni nanomita 0.8 hadi 0.9, na kwa kuwa ufungaji kupitia rutheni huyumba kati ya kupinga na kukubali kadiri unene unavyobadilika, kosa dogo sana la unene linaidhoofisha kabisa. Paka rutheni kwa umbo la kabari kwenye bamba moja na utaona palipo na nguvu.

Kitanzi kimehamia upande mmoja

Nilipoteza siku tisa kwenye maabara moja nikihangaikia filamu ambayo kitanzi chake, yaani grafu inayochorwa uga unapokwenda na kurudi, kilikuwa kimehama kwa militesla 2. Nilibadilisha shinikizo la agoni, nikabadilisha elektrodi, nikaandika ripoti. Kumbe sumaku-umeme yenyewe ilikuwa inabaki na uga baada ya mkondo kuzimwa, na kihisi cha Hall, kinachopima uga, kilikuwa kimesogezwa sentimita chache na mtu wa usafi. Geuza sampuli nyuzi 180 juu ya meza. Kitanzi kikihama pamoja na sampuli, ni chake. Kikibaki palepale, ni cha mashine. Dakika tano.

Kikiwa cha sampuli, pima filamu isiyochongwa. Kuhama kukiwepo humo, ni mawimbi ya uso: vilima vya tabaka moja vinatazamana na vya jingine kupitia MgO, na kwenye sumaku zilizolala (zinazoelekea ndani ya bapa la filamu, si wima kama zilizosimama) vinavutia hali ya sambamba. Dawa ni ileile ya matobo, ulainishaji. Kukitokea baada ya kuchonga tu, na kukakua nguzo inavyopungua, ni uga unaovuja kutoka ukingo wa rejea. Hapo sawazisha unene wa matabaka mawili ya rejea yanayopingana kupitia rutheni mpaka uga wao ufutane pale tabaka huru lilipo. Kumbuka ishara: kwenye sumaku zilizolala uvujaji huu unapendelea kupingana, kwenye zilizosimama unapendelea sambamba. Mtu anayekumbuka hilo anaweza kutambua chanzo kwa kutazama tu upande ambao kitanzi kimekwenda.

Sumaku hazisimami wima

CoFeB nene hulala. Inasimama kwa nguvu ya mpaka wake na MgO pekee, kwa hiyo iwe chini ya nanomita 1.5 hivi, Tohoku walitumia 1.3 kwenye kiungo chao cha nanomita 40 cha mwaka 2010. Lakini sehemu ya unene huo huwa imekufa pale inapochanganyika na tantali, na hiyo haihesabiki. Pima usumaku kwa unene kadhaa, uchore mstari. Pale unapokata mhimili wa unene ndipo tabaka mfu linapoishia. MgO iliyopungukiwa oksijeni na iliyozidishiwa zote mbili zinadhoofisha usimamaji.

Jana kilikuwa kizima, leo kimekufa

Ukinzani umeshuka, TMR ni sifuri, haibadiliki. MgO ya nanomita 1 hupasuka kwa volti 1 hadi 1.5. Wewe ukitembea kwenye kapeti la ofisi yenye hewa kavu unabeba maelfu ya volti. Vaa kamba ya mkono iliyounganishwa na ardhi, unganisha pini zote pamoja kabla ya kugusa sampuli, zitenganishe tu baada ya waya zote kuunganishwa, na ongeza mkondo kuanzia sifuri. Mita inayobadili masafa yenyewe ni muuaji wa kimya, izuie.

Kinageuka kwa uga, hakigeuki kwa mkondo

Kabla ya kulaumu torki, yaani msukumo wa spini za elektroni unaogeuza tabaka huru, fanya hesabu ya volti. Kiungo cha Tohoku cha 2010 kiligeuka kwa mikroampea 49, karibu ampea milioni 4 kwa kila sentimita ya mraba. Kwa RA ya 10 Ωµm² msongamano huo unadai volti 0.4, na MgO inavumilia. Kwa RA ya 100 unadai karibu volti 4, na kizuizi kitapasuka kabla sumaku haijasikia chochote. Filamu iliyokupa TMR ya kujivunia kwa RA kubwa haifai kazi hii hata kidogo. Na ukifupisha pulsi kufikia nanosekunde chache, mkondo unaohitajika unapanda tena.

Kama unageuza kwa torki ya spini-obiti, mkondo ukipita kwenye chuma kizito chini ya tabaka huru, anza kwa kupima ukinzani mahsusi wa chuma hicho. Tantali iliyotumiwa Cornell mwaka 2012 ilikuwa ya awamu ya beta (aina moja ya mpangilio wa fuwele), yenye karibu mikroomu-sentimita 190. Ya alfa ina sehemu ndogo tu ya hiyo, na athari yake ya Hall ya spini, inayosukuma spini kuelekea tabaka huru, ni dhaifu. Wolframu hufanya hila mbaya zaidi: huanza ikiwa beta, na ukiipaka nene kupita nanomita 5 au 6 inaelekea kugeuka alfa, wakati mwingine tanurini, baada ya wewe kuipima na kuridhika. Ipime tena ikishatoka. Na kwa sumaku zilizosimama usisahau uga mdogo ulalao sambamba na mkondo; bila huo, au bila muundo maalumu unaochukua nafasi yake, pulsi itaiangusha sumaku ilale, na ikiinuka itachagua upande inaoutaka yenyewe.